UZI: Programu ya ratiba ipo, kompyuta ipo, kwa nini tunarudi kwenye karatasi ya ukutani?

#1 Chaki_na_Ubao
Wakuu salama? Mimi ni mwalimu wa taaluma, sekondari ya kata, mikondo minne kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha nne na juu yake tuna tahasusi (michepuo ya masomo matatu matatu) za kidato cha tano na sita. Kazi ya ratiba ni yangu kila muhula. Natumia programu, naingiza walimu, masomo, idadi ya vipindi, nabonyeza, inatoa ratiba safi haina mgongano hata mmoja. Naibandika ofisi ya walimu. Wiki haijaisha imeshachorwachorwa kwa peni, watu wamebadilishana vipindi wao kwa wao, mwalimu wa fizikia ana karatasi yake ndani ya daftari la maandalio na ndiyo anayoifuata. Kwenye kompyuta kuna ratiba moja, ukutani kuna nyingine, na shule inaendeshwa na ile ya ukutani.

Siulizi programu gani nzuri, hilo lina nyuzi zake humu. Nauliza ratiba ngumu, yenye watu na vyumba na maabara moja tu ya kemia, inatakiwa ionekane vipi kwa macho ili mtu akiitazama aelewe na aiamini? Mimi naona tatizo liko kwenye picha, hesabu kompyuta imeshaimaliza. Karibuni.

#2 Kodi_Kwanza
Mwalimu hapo kwenye hesabu usipite haraka hivyo. Kupanga vipindi ni katika mafumbo mazito kabisa ya sayansi ya kompyuta. Mwaka 1976 Shimon Even, Alon Itai na Adi Shamir walionyesha kwamba hata ukilipunguza tatizo likawa dogo bado linabaki kwenye lile kundi ambalo mpaka leo hakuna aliyepata njia ya haraka ya kulimaliza kila mara (huyo Shamir ndiye yule wa herufi ya katikati kwenye RSA, ile njia ya kuficha ujumbe kwenye kompyuta). Maana yake programu haikupi ratiba bora kuliko zote, inakupa ile iliyoifikia ndani ya muda uliokuwa nao. Sasa fizikia akihamisha kipindi kimoja kwa peni anaweza kuwa amevuruga mikondo mitatu na hajui. Mimi ningewafungia. Mabadiliko yote yapite kwenye mfumo, karatasi iwe ya kusomea tu.

#3 Naibu_Nakuru
Kuwafungia haitawezekana bwana @Kodi_Kwanza, hawa ni watu wazima na wengine walikufunza.

Hapa kwetu mimi ndio naibu, na ratiba ni mzigo wa naibu. Tunatumia programu ya aSc Timetables, na kile napenda nayo ni zile kadi. Kila kipindi ni kadi iko na rangi yake, ukiishika inakuonyesha mahali inaweza ingia, na zile zimekosa nafasi zinakaa pale chini zikikungoja. Ukikaa nayo jioni moja unaanza kuijua shule yako, unaona ni nani anafinya ratiba, mara nyingi si mwenye vipindi vingi, ni yule wa kibarua anakuja siku mbili tu. Lakini ukishachapisha, hiyo yote imepotea. Mwalimu anaona ako na vipindi vinne mfululizo Jumanne, haoni kwamba hiyo ndiyo nafasi pekee ilibaki baada ya maabara na yule wa siku mbili. Anaona tu umemchukia. Karatasi inaonyesha jibu, sababu imebaki kwa mashine. Mimi naona hapo ndio imani inaishia.

#4 Mtu_wa_Reli
Niwatoe shuleni kidogo. Mzee wangu alikuwa kontrola wa treni, na picha bora ya ratiba niliyowahi kuiona ni ile iliyokuwa mezani kwake. Karatasi pana, pembeni stesheni zimepangwa toka juu mpaka chini kwa kufuata umbali wake, masaa yanakwenda kwa upana, na kila treni ni mstari mmoja wa penseli. Treni ikienda kasi mstari unasimama, ikienda pole unalala, ikisimama stesheni mstari unakuwa bapa kabisa mpaka itakapoondoka. Za kwenda zinashuka, za kurudi zinapanda.

Sasa uzuri wake uko kwenye reli ya njia moja, na reli zetu nyingi ni hivyo, TAZARA yenyewe kilomita 1,860 toka Dar mpaka Kapiri Mposhi. Mistari miwili ikikatana juu ya stesheni yenye njia ya kupishana, sawa, hapo mmoja anamsubiri mwenzake. Ikikatana katikati ya stesheni mbili, umechora ajali. Huhitaji kusoma namba hata moja, jicho linaona. Mzigo ukichelewa, mzee anafuta kuanzia pale treni ilipo, anaweka rula, anachora upya kwa mwendo mpya, na palepale anaona makutano yamehamia wapi na nani sasa atasubiri Makambako badala ya Mlimba.

Jedwali la shule ni visanduku. Visanduku vinakuambia nani yuko wapi, lakini mgongano mpaka uutafute kwa kusoma safu moja moja. Ndiyo maana nakubaliana na mtoa uzi, ni suala la picha. Wafaransa wanayo hii tangu mwanasayansi wao Marey alipoibuni mwaka 1885.

#5 Mpekuzi_Mkongwe
Bandiko zuri #4 ila tuweke sawa. Marey aliichapisha kwenye kitabu chake, ile maarufu ya treni za Paris na Lyon, na mwenyewe alimtaja mhandisi Ibry kuwa ndiye mwenye mchoro. Ibry alikuwa anaitumia tangu miaka ya 1840.

Na kabla hajaja mtu kumtaja Henry Gantt na mistari yake ya mlalo ya kupanga kazi ya miaka ya 1910, Karol Adamiecki wa Poland alishakuwa na yake tangu 1896. Aliandika kwa Kipolandi na Kirusi, Gantt akaandika kwa Kiingereza, basi jina likabaki kwa Gantt. Na Joseph Priestley, yule mkemia, mwaka 1765 alishachora maisha ya watu wapatao 2,000 kwa vistari juu ya mstari wa miaka.

#6 Mtu_wa_Reli
Ibry basi. Asante mkuu.

#7 Nesi_Zamu
Poleni na majukumu. Mimi napanga zamu za wauguzi wodi ya wazazi, nyie mna Jumatatu mpaka Ijumaa, sisi hatufungi.

Karatasi yetu ina majina kushoto na tarehe juu, kwenye kila chumba herufi moja, A ya asubuhi, J ya jioni, U ya usiku, na O ni mapumziko. Ukiisoma kwa mlalo unaona haki ya mtu, huyu amepata usiku mara ngapi, huyu ametoka usiku akapangiwa asubuhi inayofuata ambayo haifai kabisa. Ukiisoma kwa wima unaona usalama wa wodi, usiku wa tarehe hiyo wako wangapi na kuna mkunga mzoefu au wote ni wapya. Macho yaleyale, karatasi ileile, maswali mawili tofauti. Tuliletewa mfumo wa kompyuta, ukifungua unaona mtu mmoja mmoja na kalenda yake, nzuri inapendeza, lakini ile wima haipo! Mpaka utoe ripoti. Nani atatoa ripoti saa 8 usiku amepigiwa simu fulani anaumwa?

Halafu jambo la pili ambalo wa kompyuta hamlioni. Nikifuta kwa raba, pale nilipofuta panabaki pachafu. Kila mtu akipita anaona hapa pamebadilishwa, anauliza. Kwenye skrini badiliko linaingia likiwa safi kana kwamba lilikuwa hivyo tangu mwanzo. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia, mtu anakuja kazini anakuta zamu yake ilihamishwa jana na hakuna alama.

#8 Kodi_Kwanza
@Nesi_Zamu dada mfumo wowote mzuri una kumbukumbu ya mabadiliko, nani kabadili nini na saa ngapi. Kwa kweli ni bora kuliko raba, raba haikuambii nani.

#9 Nesi_Zamu
Inayo, ndani kwenye menyu ya msimamizi. Mimi naongelea kuona, wewe unaongelea kuhifadhi. Weka alama pale penye zamu penyewe, kona ikunjwe au rangi ififie kwa wiki moja, mtu aione bila kuitafuta.

#10 Naibu_Nakuru
@Nesi_Zamu hapo kwa kona kukunjwa umenigusa, hiyo nataka hata kwa ratiba ya shule. Kodi chukua kalamu uandike.

#11 Bandarini_Kurasini
Nimesoma yote, kuna kitu kimoja hakijaguswa. Mnauliza picha iweje, ulizeni kwanza kwenu adimu ni nini.

Nipo kwenye shughuli za bandari. Mpango wa gati unachorwa hivi: upande mmoja ni urefu wa gati kwa mita, upande wa pili ni muda, meli ni mstatili. Upana wa mstatili ni urefu wa meli pamoja na nafasi ya kamba, kimo chake ni masaa itakayokaa. Mistatili haitakiwi kugusana. Basi. Meli ya tatu ikiomba kuingia unauburuta mstatili wake unatafuta tundu linalotosha, kama hakuna, inasubiri nje. Na kwa kuwa maji ya bamvua (yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) pale Dar hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, meli nzito nyingine huwezi kuiingiza saa yoyote, kwa hiyo unaweka pia mikanda ya maji kujaa, na mstatili unaanzia ndani ya mkanda.

Majina ya meli hayako kwenye mhimili. Kilicho kwenye mhimili ni gati, kwa sababu gati ndilo halitoshi. Kwa bwana reli kisichotosha ni njia, kwa hiyo njia ndiyo imekaa kwenye mhimili. Mwalimu wewe umeweka madarasa kwenye mhimili, je, unakosa madarasa? Unakosa maabara na walimu wa sayansi. Chora hao.

#12 Mwana_wa_Paje
Asalam aleikum. Huyo wa bandari kataja bamvua nami nimepata pa kuingilia.

Huku kwetu Paje, Zanzibar, mwani umelimwa tangu mwisho wa miaka ya 80, wengi ni kinamama, na kazi yote inafuata maji. Wakati wa bamvua maji yanakupwa mbali, kwenye saa nne asubuhi hivi, ndio wakati wa kufunga na kuvuna. Yakija maji mafu hayatoki vya kutosha, watu wako nyumbani. Na kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana. Sasa wanakuja watu na mradi wao wanapanga mafunzo kila Jumatano saa nne asubuhi. Wiki hii ukumbi umejaa, wiki ijayo hakuna mtu, wanaandika kwenye ripoti wanawake hawana mwamko. Mwamko wanao, wako baharini!

Kalenda ya wiki ni sura isiyofaa kwa kazi hii. Siku saba haziendi sawa na bamvua inayorudi kila baada ya siku 14 au 15. Mie ningetaka niichore siku kwenda chini, masaa kwenda kando, na maji yaliyokupwa yapite yamepakwa rangi, utaona mkanda unakwenda mshazari wiki nzima. Halafu ndani yake weka skuli za watoto, soko, mkutano wa sheha. Mtu yeyote wa pwani ataielewa bila kufundishwa. Wavuvi wa mitego nao wataitaka hiyohiyo.

#13 Mpekuzi_Mkongwe
#12 limenifurahisha sana. Hii ndiyo matumizi mapya tunayotafuta, na haihitaji mtambo mkubwa, majedwali ya maji hutolewa mapema kwa mwaka mzima.

#14 Kimara_Mwisho
Naleta sababu nyingine hakuna aliyeisema: saa. Programu nyingi zimetengenezwa siku inaanza saa 0 usiku wa manane. Sisi siku inaanza alfajiri. Ratiba imeandikwa 7:00, mmoja anasoma saa moja asubuhi, mwingine anasoma saa saba mchana, na wote wana haki. Nimeshuhudia mtu amekosa basi la mkoani kwa tiketi ya namna hiyo. Karatasi ya ukutani iliandikwa na mtu wetu, imeandikwa saa 1 asubuhi, haina utata. Labda watu hawarudi kwa karatasi kwa sababu ya picha wala imani, wanarudi kwa sababu inaongea saa yao.

Halafu @Mtu_wa_Reli hiyo grafu yako inafaa sana mabasi ya mwendokasi ya Dar. Toka 2016 tunapanda Kimara Kivukoni na tunajua tabia yake, unasubiri, unasubiri, yanakuja matatu yamefuatana. Kwenye mchoro wa Ibry ungeona mistari imeanza na nafasi sawa, halafu wa mbele ukapata abiria wengi ukachelewa vituoni, wa nyuma ukakuta vituo vitupu ukaukaribia, mpaka imeshikana. Msimamizi akiiona inaanza kusogeleana tu, anaweza kumzuia wa nyuma dakika mbili.

#15 Mtu_wa_Reli
Kabisa, na huo ndio ufundi wenyewe, unaona shida ikiwa bado changa. Ila kumzuia wa nyuma peke yake hakutoshi kama mbele kituo kimefurika, utaleta kelele.

#16 Mfereji_wa_Juu
Natokea Kilimanjaro, nitawapinga wote kwa heshima. Mifereji yetu ya kumwagilia ina zamu tangu enzi za mababu, watu wengi, maji machache, mashamba ya juu na ya chini, na ukichelewa kufungua umemnyima mwenzio. Hiyo ni ratiba ngumu hasa. Hakuna mchoro. Kuna kikao, kuna mzee wa mfereji, na watu wanakumbuka kwa sababu walikuwepo zamu ilipopangwa. Walimu wako wanachora juu ya karatasi kwa sababu hawakuitwa kwenye kupanga. Hata uwape skrini ukubwa wa ukuta, watachora.

#17 Bandarini_Kurasini
@Mfereji_wa_Juu nakuelewa mzee wangu, ila kikao kinafaa watu wanaojuana. Meli inatoka mbali na nahodha hajui kikao chenu.

#18 Mfereji_wa_Juu
Shule ni watu wanaojuana.

#19 Kodi_Kwanza
Hapo mzee kashinda raundi moja 😀 Ila nichukue la #11. Ukiweka maabara kwenye mhimili umepata picha ya maabara, sawa. Mwalimu mmoja mmoja bado anataka picha yake, darasa lake, na mkuu wa shule anataka picha ya siku nzima. Hizo ni picha nne za kitu kimoja. Kwenye karatasi zikiwa nne, ukibadili moja tatu zimekuwa uongo. Kwenye skrini unagusa kipindi kimoja na kinang'aa kwenye zote nne kwa pamoja. Hiyo ndiyo faida ambayo ukuta hauwezi kuipata, na programu nyingi bado hazijaifanya vizuri, zinakupa kurasa nne za kufungua moja baada ya nyingine.

#20 Chaki_na_Ubao
Nimerudi, asanteni sana, uzi umekwenda mbali kuliko nilivyotarajia. Nimefuata ushauri wa #11 usiku wa jana kwa penseli na karatasi ya manila. Mstari wa kwanza maabara ya kemia, wa pili ya baiolojia, halafu walimu watatu wa sayansi, basi, madarasa mengine yote nikayaacha. Na jambo likajitokeza lenyewe: Alhamisi maabara ya kemia imejaa toka kipindi cha pili mpaka cha saba bila nafasi, PCB (fizikia, kemia, baiolojia) wanatoka, kidato cha pili wanaingia. Fundi sanifu wa maabara ana dakika ngapi za kuosha vyombo na kupanga vingine? Hana. Programu haikuona mgongano kwa sababu sikuiambia kwamba kuosha ni kazi. Na huyo fizikia wangu ndiye anayefundisha pia PCM (fizikia, kemia, hisabati), kile kipindi alichokuwa anakihamisha kila wiki ni cha Alhamisi. Alikuwa anamtafutia fundi nafasi. Ile peni ilikuwa inanipa taarifa.

Sasa Mfereji atasema ndiyo hivyo, ningemuita. Na Bandarini atasema ni mhimili. Naona wote mna hoja na bado sijui niegemee wapi.

#21 Rangi_Moja
Msimalize bila hili. Mimi sitofautishi vizuri nyekundu na kijani, na tuko wengi zaidi wanaume. Kila programu ya ratiba ikitaka kusema mgongano inaweka nyekundu na ikitaka kusema salama inaweka kijani, kwangu ni rangi moja ya udongo. Tumieni herufi, mistari ya mshazari, ukingo mnene. Kwenye grafu ya treni huyu kontrola hakuhitaji rangi, makutano yalikuwa makutano. Na mkichapisha kwenye mashine ya shule ni nyeusi tupu, rangi zote mlizohangaika nazo zimekwenda.

#22 Naibu_Nakuru
@Rangi_Moja kweli kabisa, hiyo ya kuchapisha nyeusi ilitumaliza sote hapa.

@Chaki_na_Ubao usisahau yule wa siku mbili. Kama uko na mwalimu mnagawana na shule nyingine, yeye ndiye adimu kuliko hata maabara. Mpe mstari wake.

#23 Chaki_na_Ubao
Ninaye, wa kompyuta, yuko kwetu Jumatatu na Alhamisi. Je, nikitaka kubadili Alhamisi pekee bila programu kunivurugia wiki nzima, inawezekana? Ya kwangu kila nikibonyeza inapanga upya kila kitu na walimu wanaanza moja.

#24 Kodi_Kwanza
Inawezekana. Jaribu programu ya ratiba ya FET, ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Unafunga vipindi usivyotaka viguswe, unavifungua vya Alhamisi tu, unaiambia ipange hivyo vilivyobaki. Mwalimu wa siku mbili unamwekea muda asiopatikana. Kuosha vyombo kiweke kama kipindi cha fundi ndani ya maabara, kiwe na mtu wake na chumba chake, hakina darasa. Kila sharti lina uzito wake kwa asilimia, la lazima kabisa lipe 100, la kupendelea punguza. Sura yake ni ya maandishi zaidi, haina zile kadi za Naibu, kwa hiyo ile manila yako usiitupe. Ukikwama weka hapa orodha ya masharti bila majina ya walimu tuitazame.

#25 Mwana_wa_Paje
Nami nikitaka niweke maji yaliyokupwa kama muda asiopatikana mtu, hiyo FET itakubali siku 15 badala ya wiki?

#26 Kodi_Kwanza
Itakubali, idadi ya siku na majina yake unaandika mwenyewe. Andika Bamvua 1, Bamvua 2, mpaka Maji mafu, halafu masaa yako anzia alfajiri. Nitumie jedwali la maji la mwezi mmoja nikuwekee faili la mfano.